Dhahabu ya Shavuni

Mama wa cherehani, ambaye kibanda chake kinatazamana na karakana ya vioo, anasema aliona kwa macho yake mawili. Anasema mke wa dereva alitoka mle ndani jioni huku shavu lake la kulia likimetameta dhahabu, na nyuma yake akatoka Fundi Kioo, naye anametameta ndevuni. "Mimi simo," alimalizia kila alipoisimulia, "mimi nashona tu." Na kweli aliishona habari hiyo, mpaka ilipomfikia mama mkwe wa yule mwanamke ilikuwa na pindo na vifungo.

Ndiyo maana sasa mke wa dereva alikuwa amesimama katikati ya sebule, macho kwenye vidole vya miguu yake. Mumewe alikuwa ameketi bila hata kuvua viatu vya safari. Mama mkwe alijaa mlangoni, mikono kifuani.

"Mwanangu kakuruhusu ukajifunze kazi. Umejifunza nini? Lisemwalo lipo."

"Mama, ngoja aseme mwenyewe." Mume alimgeukia. "Mke wangu, ni kweli ulikuwa na dhahabu usoni?"

"Ni kweli."

"Na fundi naye?"

"Naye."

"Haya!" Mama mkwe alipiga kofi moja, akakaa.

Aibu ilimpanda yule mwanamke toka shingoni hadi masikioni. Alitamani apakwe rangi ya ukuta, asionekane tena. Lakini alienda chumbani, akarudi na kikapu chake cha kazi.

"Niacheni niwaonyeshe."

Alitoa kipande cha kioo cha mazoezi, akakilaza mezani. Kazi ile hufanywa kinyumenyume: kioo hupambwa mgongoni, kikatazamwa usoni. Kitakachoonekana mbele kabisa ndicho kinachoanza, dhahabu kwanza, kisha maua, na rangi ya kufunika huja mwisho. Ukishafunika, umefunika, kosa la mwanzo linabaki mbele ya macho ya watu. Yeye aliyeishia shule ya msingi alikuwa ameielewa kazi hiyo kuliko alivyowahi kuelewa kitu chochote ubaoni, na kuikosa kungemuuma kama kukosa mkono.

Alikilowesha kioo kwa maji ya gundi. Kisha akafunua karatasi, na ndani yake mlikuwa na utando wa dhahabu, mwembamba kuliko ganda la kitunguu.

"Hii haishikwi kwa vidole, inasagika. Na brashi ikiwa kavu hainyanyui kitu. Lazima ipate mafuta kidogo ya ngozi." Alipitisha brashi pana shavuni, taratibu, kama anayejibembeleza. "Sasa msipumue. Pumzi ikiupata, umekwenda."

Wote watatu walibana pumzi. Brashi iliugusa utando, utando ukanasa, ukanyanyuka mzima mzima. Alipousogeza karibu na kioo, kioo kikaufyonza. Akapitisha brashi tena shavuni ili anyanyue wa pili. Alipogeuka, shavu lilikuwa linametameta.

"Kumbe!" Mama mkwe alimnyang'anya brashi, akajipitishia shavuni, akakimbilia kioo cha ukutani kujitazama. "Mwanangu, hebu niangalie! Bibi harusi!"

"Na fundi?" aliuliza mume.

"Fundi ndiye aliyenifundisha."

Mume alishusha pumzi ndefu, ndipo akainama kuvua viatu. Lakini alipofungua kamba ya kwanza aliifunga tena.

"Nisamehe, mke wangu. Na yule mtu nilimwazia mabaya njia nzima. Twende nikamtake radhi."

"Si lazima."

"Ni lazima."

"Basi kesho."

"Sasa hivi. Aibu hailazwi, inachacha."

"Na mimi nitapita kwa huyo wa cherehani," alisema mama mkwe, shavu bado linang'aa. "Kama uzi anao, auanzie mdomoni mwake."

Njiani mke alitembea nyuma ya mumewe, mtandio ameuvuta mpaka kwenye nyusi. Walipopita mbele ya kibanda, cherehani ilinyamaza.

Fundi Kioo alikuwa mezani kwake, mikono ya shati imekunjwa hadi viwikoni kama kawaida yake. Alipowaona wawili hao mlangoni, rangi ilimtoka. Mume alimwahi kwa mikono miwili.

"Fundi, nimekuja kwa heri. Nilisikia maneno, nikayaamini. Leo nimeonyeshwa kazi, nimeona ujinga wangu. Niwie radhi."

Fundi alimtazama mwanamke. Mwanamke alitazama sakafu.

"Yamepita, ndugu yangu," alisema fundi, na sauti ikamrudia. "Watu wana midomo. Karibu, kaa."

"Sikai. Ila kabla sijaondoka, niruhusu nione mkono wa bingwa."

Fundi alicheka, akavuta karatasi ya dhahabu. Akageuza mkono wake wa kushoto, akapitisha brashi kwenye ngozi laini ya ndani, chini ya kiwiko, mara mbili. Utando ukanyanyuka bila mkunjo.

"Mkononi?" Mume alitabasamu. "Mwenzako hupitisha shavuni."

"Mwenzangu ana shavu. Mimi na ndevu hizi ningepata mafuta wapi? Brashi yangu haijawahi kugusa uso, tangu nianze ka…"

Neno likamkatikia mdomoni.

Tabasamu la mume lilibaki pale pale, kama kitu kilichosahauliwa. Alimgeukia mkewe polepole.

"Mke wangu," alisema kwa upole, "hebu nieleze tena ile dhahabu ya ndevuni."

Utando ulitulia kwenye ncha ya brashi, haukutikisika hata kidogo. Mle karakanani hapakuwa na mtu aliyekuwa akipumua.