Shida ya Lazima

Siku hizi kila mtoto lazima apewe shida moja kabla hajatimiza miaka kumi, eti akomae, na mzazi ndiye anayemchagulia. Salha hakuwahi kuambiwa yake. Alijua tu kwamba bibi alikufa yeye akiwa na miaka saba, na tangu hapo chakula hakimpiti kooni, na kutoka kitandani ni kazi.

Leo, alipotimiza kumi na sita, bibi aliingia sebuleni na sahani ya vitumbua.

“Mjukuu wangu! Sasa nimeruhusiwa kurudi.”

Mama alipiga vigelegele.

Salha hakuvigusa vitumbua. “Mama, lile kaburi ulilokuwa ukinipeleka kulia kila Ijumaa ni la nani?”

“Halina mtu. Sema polepole, mdogo wako asisikie. Jumatatu tutampeleka pale akulilie wewe.”