Nenosiri la Herufi Kumi na Sita

Kwa siku tisa, tangu masharti ya barua pepe yabadilishwe, programu ya zamani kwenye kompyuta ya kikundi cha wafuga nyuki ilikuwa ikikataa nenosiri na haikuleta barua hata moja. Asubuhi hii katibu, Levina, alikuwa amepata jipya la herufi kumi na sita, maalumu kwa programu za zamani.

“Litupe hilo likompyuta, mwanangu,” mwenyekiti alisema. “Limezeeka kama mimi.”

“Nyote wawili bado mnafaa, baba.”

Kidole cha Levina kilikuwa kinanata asali. Alikilamba, akaandika nenosiri jipya, akabonyeza.

Barua zikaanza kumiminika: mbili, tisa, arobaini. Levina akapiga kigelegele.

Moja ilitoka kwa wanunuzi wa Dar es Salaam: “Tutafika kwenu Tabora Alhamisi hii, saa nne asubuhi, kusaini mkataba.”

“Leo ni Alhamisi,” mwenyekiti alisema, akipapasa viatu vyake chini ya meza.

Nje, gari likapiga honi.