Kona ya Soni

Fundi Tobia alilegeza nati ya breki ya mbele ya pikipiki mizunguko miwili, akaifuta kwa kitambaa, kisha akaongeza wa tatu. Hapa mjini breki ingeshika. Kwenye mteremko wa Soni, baada ya kona nne au tano, ingeachia.

"Tayari, baba?" Alen aliuliza kutoka mlangoni mwa gereji.

"Tayari, mwanangu. Leo hawakupati."

Lushoto nzima ilimsifu Tobia kwa moyo wake wa kusamehe. Mwaka uliopita binti yake wa pekee, Glory, alitoka na Alen, mchumba wake, kwa pikipiki. Kwenye kona chini ya Soni wakaruka ukingo. Alen alivunjika paja. Glory akazikwa Jumapili. "Kosa ni langu," alisema Alen msibani, macho chini, na tangu hapo hakuongeza neno.

Tobia hakumgusa. Alingoja.

Mfupa uliunga, lakini bingwa yule wa mashindano ya pikipiki ya kushuka Mombo hakuweza tena hata kushika usukani. Akisikia injini, alitapika. Jambo hilo lilimnyima Tobia usingizi. Mwoga haendi kasi, na asiyekwenda kasi hafi.

Basi akaanza kumtibu woga.

Wiki ya kwanza alimsukumisha pikipiki uani, injini imezimwa. Wiki ya pili akamkalisha juu yake, Tobia mwenyewe akipiga resi. Mwezi wa tatu walikwenda polepole hadi Kwai, Tobia amepakiwa nyuma, mikono yake kiunoni mwa mtu aliyemuulia mwana.

"Usitazame korongo," alimwambia. "Pikipiki hufuata macho. Tazama unakotaka kufika."

"Siwezi, baba."

"Utaweza. Fanya kwa ajili ya Glory."

Kwenye kona ya Soni kijana alishuka, akakaa kwenye majani, akalia kwa sauti. Tobia alisimama kando yake, akitamani amsukumie bondeni papo hapo. Lakini ilikuwa mapema mno. Alitaka aanguke akiwa anajiamini, kama Glory alivyokuwa anajiamini.

"Panda tena," alisema.

Alipanda. Mara ya nane alipita kona ile bila kugusa breki, na Tobia akacheka, kicheko cha kwanza tangu msiba.

Siku ya mashindano barabara ilifurika watu. Tangu serikali iruhusu bidhaa za nje, pikipiki za Kijapani zilikuwa zikipanda kutoka Tanga kila mwezi, na safari hii waendeshaji walikuwa ishirini na mbili. Alen alikuwa mstari wa mbele.

Alimwita fundi kwa ishara ya kichwa. Tobia akasogea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Umeniondolea woga wote. Ulibaki mmoja tu, wa kukwambia ukweli. Sikutaka watu wamseme marehemu vibaya." Injini zilianza kunguruma. Alen akamshika bega, akamsogelea sikioni. "Glory alinibembeleza nimfundishe kuendesha, nami nikakubali. Kosa langu ndilo hilo. Siku ile, baba, mimi nilikuwa nimekaa nyuma."

Bendera ikashuka, na Alen akaondoka wa kwanza.