Isipokuwa Epifania

"Ongeza sehemu nyingine," alisema Mama Walburga. "Nikiandika jina la mtu, mistari yote aliyoiandika iondoke kwenye skrini. Ibaki ya wengine tu."

Epifania aliuma mdomo. Wiki ya tatu hii alikuwa akihangaika na chujio la utafutaji kwenye kihariri, programu ambayo wanafunzi wa vyuo wangeitumia kuandikia programu zao wenyewe, menyu zake zote zikiwa kwa Kiswahili. Alishaweka chaguo la herufi kubwa na ndogo, la neno zima, la kuruka folda usizozitaka. Kila alipodhani amemaliza, Mama Walburga, mwenye kampuni, alikuja na jingine.

"Jina la mtu gani, mama?"

"Yeyote. Jaribu na lako."

Pale ofisini, ghorofani katikati ya mji wa Songea, waandishi wa programu walikuwa wawili tu: yeye na Raphael. Mradi ulikuwa unaisha mwisho wa Juni, na Mama Walburga hakuwaficha kwamba baada ya hapo angebaki na mmoja.

Alirudi mezani, akalivuta sweta lake na kuanza upya. Sehemu hiyo mpya akaiita "Isipokuwa". Mtu angeweza kuitumia peke yake, au kuichanganya na folda, au na tarehe. Kwenye kisanduku aliandika "Epifania", kwa kujaribu, na hasira zikampanda.

Raphael alichungulia begani kwake. Yeye alikuwa mtu wa watu. Wageni wakija, ndiye aliyesimama kuwaonyesha kihariri na kuwachekesha.

"Mbona unajaza vitufe kama rimoti ya king'amuzi?" alisema. Kisha akaliona jina kwenye kisanduku. Kicheko kikamwisha. "Pole, dada," akasema kwa upole, akaenda zake kuchukua chai.

Pole hiyo ilimchoma kuliko kitufe chenyewe. Kumbe hata Raphael alishajua ni nani angeachishwa.

Kesho yake Mama Walburga alilijaribu chujio, akatikisa kichwa.

"Halifai. Kuna mtu alisogeza mistari yote kulia kidogo ili ipangike. Chujio lako linasema yote ni yake."

"Ndivyo kumbukumbu za mabadiliko zinavyosema, mama. Aliyegusa mwisho ndiye anayeandikwa."

"Mimi namtaka aliyeandika kwanza. Kugusa hata mimi naweza."

"Hiyo itachukua siku."

"Una mpaka Ijumaa asubuhi."

Jioni, nyumbani Msamala, dada yake Jane alikuwa akichambua maharage. Epifania alijitupa kwenye kiti bila hata kuvua viatu.

"Naambiwa nishone sanda yangu mwenyewe," alisema. "Halafu narudishiwa, pindo halijanyooka."

"Bosi amekwambia anakuachisha kazi?"

"Hajasema. Anataka kuona kama mfumo utasimama mimi nikiondolewa. Na utasimama. Nusu ni ya Raphael."

"Nusu ipi? Si wewe unayepigiwa simu kila Jumapili, 'Epi nisaidie kidogo hapa'?"

"Ni msaada tu, Jane. Kazi ni yake."

"Basi liache hilo chujio lao."

"Nikiliacha, atasema limenishinda."

Jumatano chujio liligoma mara nne. Lilipoulizwa nani aliandika mstari kwanza, lilizunguka, likazunguka, kisha kihariri chote kikaganda. Mara ya tano Epifania aliifunga kompyuta kwa nguvu, akatoka nje, akasimama kwenye ngazi akiutazama ukungu. Alitamani ashuke moja kwa moja asirudi tena. Alirudi. Alhamisi jioni, kwenye folda ndogo ya mazoezi aliyokuwa akijaribia, chujio lilijibu sawasawa: nafasi zilizosogezwa halikuzijali, na kwa mistari iliyohamishwa lilitaja jina la aliyeiandika kwanza. Hakufurahi. Alijiona kama mtu aliyekwisha kufunga mizigo.

Ijumaa saa tatu walifika wageni watatu kutoka chuo kilichotaka kukinunua kihariri. Epifania aliwaamkia, "Shikamooni," wakaitikia, akaenda kukaa nyuma karibu na mlango. Raphael alisimama mbele, shati limenyooka.

"Nilipoanza kukitengeneza kihariri hiki," alianza, "nilijiuliza, mwanafunzi wetu anahitaji nini?"

Alizungumza vizuri. Wageni walitikisa vichwa kukubali. Alipomaliza, Mama Walburga alinyanyuka.

"Kabla hatujasema nani atabaki kazini na kuja kukaa nanyi chuoni, nataka muone chujio letu jipya. Tutatafuta humohumo ndani ya msimbo, mistari yote inayokiendesha kihariri chenyewe. Epifania, njoo."

Alitembea hadi mbele.

"Fungua mradi wote. Faili ngapi?"

"Mia mbili na kumi na moja, mama."

"Kwenye 'Isipokuwa', andika jina lako."

Raphael aliinamisha macho, kama mtu anayemwonea mwenzake huruma. Epifania aliandika herufi nane za jina lake moja moja mbele ya watu wote, akabonyeza.

Safari hii chujio halikuganda. Mistari ilianza kutoweka, faili baada ya faili, ikiacha weupe mtupu mpaka mwisho wa orodha. Katika kila faili, zote mia mbili na kumi na moja, ulibaki mstari mmoja tu, ule wa juu kabisa: *Imeandikwa na Raphael.*