Kimya cha Daktari Nyamizi

Chuoni kwa Daktari Nyamizi kila mwanafunzi alivaa bangili iliyopima usikivu wake. Bangili zikionyesha darasa limechoka, kipaza sauti cha mhadhiri kilizimwa na somo akapewa mwalimu mwingine. Wahadhiri wenzake wengi walipoteza kazi hivyo, naye Nyamizi akajizoeza kutia mzaha kila kimya kilipobisha hodi.

Jioni moja mumewe, Lubasha, aliingia akaketi bila kuvua viatu.

“Mama ametutoka,” alisema.

Kimya kikatanda. Kabla Nyamizi hajajijua, ulimi wake ukachomoa kichekesho kuhusu uchoyo wa marehemu.

Lubasha alimgeukia. “Mke wangu, hapa si darasani. Niache nimlilie mama yangu.”

Nyamizi alitaka kumshika mkono tu, wakae kimya. Lakini kimya kile kilimtisha kuliko msiba wenyewe, akafungua kinywa tena.