Uzito Wote

Siku moja baada ya upasuaji wa tumbo, muuguzi mfupi alisimama kando ya kitanda changu.

"Inuka, kaka, damu isije ikaganda miguuni. Niegemee."

"Nitakuvunja, dada."

"Nimeinua wakubwa kuliko wewe. Acha maringo."

Nilisimama nikishika chuma cha kitanda kwa mkono mmoja, wa pili nikauweka begani mwake kama mtu anayegusa ukuta wenye rangi mbichi. Nimezoea hivyo. Hata kwenye kiti cha ugenini mimi hukaa nusunusu, mapaja yakibeba uzito, kisije kikavunjika watu wakaangua kicheko. Tangu mama afariki, hakuna aliyenishika.

"Huo ni mkono tu," alisema. "Mwenyewe uko wapi?"

Bega lake lilikuwa na joto.

Nikaachia chuma cha kitanda.