Jicho la Optatus

Optatus alimkanyaga Barnaba kifuani, akajiweka sawa juu yake kama mtu anayejaribu kiatu kipya, kisha akamwambia Cecilia aendelee na kazi.

"Usinitazame mimi, Mama Pili. Tazama jicho."

Cecilia akalitazama jicho. Lilikuwa kwenye ncha ya njiti, njiti imechomekwa kwenye kipande cha muhogo, limezungukwa na mengine madogo kuliko punje ya choroko. Hayo madogo yalikuwa ya wanasesere. Aliyafinyanga kwa udongo wa plastiki ulioletwa na basi kutoka Dar, na hapa Newala watu hawakupenda kuyatazama mara mbili. Yalikuwa na mishipa. Yalikuwa na unyevu. Mama mmoja wa Kitangari alimnunulia mwanawe mwanasesere wa Cecilia, kesho yake akamrudisha amefungwa kanga usoni.

Hili moja lilikuwa kubwa, la mtu.

Optatus alikuwa na jicho moja na hasira za watu wawili. Kazi yake ilikuwa kununua korosho gizani, zile zisizotakiwa kuonekana kwenye ghala la ushirika, na aliyekataa kumuuzia alivunjwa ama mbavu ama mguu. Emmanuel, mume wa Cecilia, alivunjwa vyote msimu uliopita, akafa. Halafu ukaja wakati wa kipupwe, Optatus mwenyewe akalewa gongo njia ya Chilangala, akavikwa gunia kichwani, akapigwa mchi. Alipozinduka, jicho la kushoto halikuwepo.

Tangu hapo anamtafuta aliyelitoa. Mrisho, fundi baiskeli, aling'olewa kucha. Awadhi alimwagiwa mikononi mafuta ya maganda ya korosho, ambayo hula ngozi taratibu kama yana muda wote duniani. Leo ilikuwa zamu ya Barnaba, mdogo wake Cecilia, amefungwa kamba mikono na miguu uani kwa dada yake.

"Mambo ni mepesi," alisema Optatus. "Jicho likikaa na likafanana, mdogo wako anaondoka na yake mawili. Lisipofanana, nachukua lake moja, nijaribu hilo."

"Langu halitakuenea," Barnaba alisema kutoka chini. "Hilo fuvu lako la punda."

Akala teke la mdomo. Jino likaruka mpaka kwenye sufuria ya mchanga wa moto wa kuokea macho, iliyokuwa juu ya jiko la mkaa. Cecilia akaliokota kwa koleo, akaliweka kando, akalaza jicho mahali pake, akafunika, akapunguza mkaa. Udongo ule ukizidiwa moto huungua, na weupe wa jicho ukishaungua hauna dawa.

"Picha yangu niliyokuletea umeitazama?"

"Ipo."

Ilikuwepo kweli, kifudifudi, chini ya kichupa cha rangi ya kucha.

Jicho likaiva. Akaliacha lipoe, akalisugua kwa msasa laini, akalipaka ile rangi ya kucha isiyo na rangi, likameta kana kwamba limetoka kulia. Rangi ilipokauka, akachovya kidole kwenye mafuta, akalipaka ili liteleze.

"Ngoja kwanza." Optatus alimkamata shingo. "Mafuta gani hayo?"

"Ya nazi."

"Ya nazi, kutoka kwa mjane wa Emmanuel. Lilambe."

Cecilia akalilamba pande zote, bila haraka, kama pipi. Wapambe wawili wa Optatus, waliokuwa wanacheka tangu asubuhi, wakaacha.

Optatus akapiga goti, akaweka ncha ya panga chini ya jicho la Barnaba. Damu kidogo ikatoka. "Haya, Mama Pili. Mkono wako ukitetemeka, na wangu utatetemeka."

Cecilia alinyanyua kope la kushoto la Optatus kwa kidole gumba, akasukuma. Jicho likaingia mara moja, likatulia. Halikuhitaji kurekebishwa popote.

Optatus akaenda kwenye pikipiki, akainamia kioo. Alikaa pale muda. Barnaba akafumba macho yote mawili, labda kuyaaga.

"Hata kidoa," Optatus alisema.

Kando ya mboni kulikuwa na kidoa cha rangi ya kutu, kama ncha ya sindano.

"Hiki alikuwa anakijua mama yangu tu. Hata kwenye picha hakitokei." Akageuka na tabasamu lililojaa uso mzima. "Mama Pili. Kumbe ulikuwa unanitazama namna hii, na mume yuko hai?"

"Nilikutazama sana, Baba Kulwa."

Wapambe wakapata tena kicheko chao. Optatus akamkata Barnaba kamba, akampiga teke moja la kwaheri, akapanda pikipiki akiwa amekigeuzia uso wake kile kioo. "Jioni nitarudi peke yangu. Uandae pombe ya uraka, tuzungumze kama watu wazima."

"Karibu," alisema Cecilia.

Vumbi jekundu lilipotua, Barnaba akajikokota mpaka ukutani, akatema damu. "Dada, unamkaribisha nyumbani mtu aliyemuua shemeji?"

"Kanawe uso."

Akaingia ndani, akafunga mlango, akashusha kopo la kahawa kutoka juu ya kabati. Ndani yake, kwenye gongo, jicho la kushoto la Optatus lilikuwa linaelea, zima, na kidoa chake cha kutu kando ya mboni.

Cecilia akalifunika, akachukua kopo jingine tupu, akaanza kulisafisha.